Tarumbeta kuukuu na kikohozi kisichoisha

Msomaji mmoja wa Molo ameniandikia barua ndefu. Baba yake, aliyefariki mwaka uliopita, alikuwa mpiga tarumbeta katika bendi ya kanisa, na vitu vya marehemu vilipogawanywa yeye aliachiwa sanduku jeusi lililokuwa juu ya kabati kwa zaidi ya miaka 20. Ndani yake mna korneti ya zamani. Rangi imegeuka hudhurungi na valvu moja imekwama. Mwanawe wa miaka 14 ameipenda na anataka kujifunza kuipiga. Msomaji huyu anauliza mambo matatu: kama ala iliyolala miaka hiyo yote inaweza kumdhuru mtoto, kama kupuliza kwa nguvu hakuharibu mapafu, na kama si afadhali amuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu anayepita kila wiki akitangaza bei ya shaba kwa kipaza sauti.

Barua hii ilinigusa kuliko alivyodhani mwandishi wake. Mimi mwenyewe ni mpenzi wa matarumbeta ya zamani. Huyakusanya, huyatengeneza kadiri ya uwezo wangu, na jioni nikishafunga kliniki hapa Salgaa huyapiga, tena vibaya kiasi, hadi majirani wachoke. Na kwa miezi minne mojawapo ya ala hizo lilinikohoza hadi nikajiandikia mwenyewe vipimo vya kifua kikuu. Wale wanaongoja sehemu ya pili ya makala kuhusu kisukari wanisamehe. Wiki hii nitaijibu barua hii kwa urefu.

Kikohozi cha daktari

Wanaoijua Salgaa wanaijua kwa malori. Tuko kwenye barabara kuu ya kutoka Nakuru kwenda Eldoret, na usiku madereva wa masafa marefu huegesha hapa kabla ya kuendelea na safari. Daktari wa mahali kama hapa hana usiku wake mwenyewe. Kipande cha barabara kinachopanda kuelekea Sachangwan kimeua watu wengi mno, na msomaji atakumbuka moto wa lori la mafuta wa tarehe 31 Januari 2009, uliowamaliza watu zaidi ya 100. Nilianza kupiga korneti kwa sababu nilihitaji kitu cha kushika mikononi jioni ambacho hakitoki damu. Wenzangu wengine katika kazi hii hushika chupa.

Kikohozi kilianza mwezi wa Juni, wakati wa baridi. Kilikuwa kikavu, kisicho na makohozi, kikizidi usiku. Baadaye zikaja homa za jioni, na nikaanza kuhema nikipanda ngazi ambazo zamani nilizipanda nikizungumza. Kufikia Agosti nilikuwa nimepungua kilo 4. Nilisema ni vumbi la malori. Mume wangu alisema ni kazi nyingi. Lakini daktari yeyote wa Kenya akiambiwa kikohozi, homa ya jioni na kupungua uzito, atataja jambo moja kabla hujamaliza sentensi, nami nilitumia siku zangu nikiwa nimefungiwa chumba kimoja na watu wanaokohoa.

Nilipimwa makohozi kwa mashine ya GeneXpert mara mbili. Hakukuonekana kifua kikuu. Picha ya eksirei ilionyesha ukungu kidogo katika mapafu yote mawili. Nilimeza dawa za kuua bakteria, raundi mbili, bila nafuu. Daktari mwenzangu mmoja alinishauri nianze dawa za kifua kikuu hata hivyo, “tusije tukajuta.” Nilikuwa karibu kukubali.

Mwezi wa Oktoba tulifiwa, nikaenda nyumbani siku 12. Korneti niliiacha Salgaa, maana si jambo la kubeba matangani. Siku ya tano nililala usiku kucha bila kukohoa. Siku ya kumi nilipanda mlima wa kwenda mtoni na kurudi na ndoo. Nikajiambia kwamba hewa ya nyumbani ni dawa. Nikarudi Salgaa, nikapiga korneti saa nzima jioni ile kwa furaha ya kupona, na saa nane za usiku nikaamka nikitetemeka kwa homa, kifua kimebana. Nilipima malaria: hakuna. Baada ya siku tatu nikapiga tena, na usiku yakawa yale yale.

Hata hapo sikuelewa. Mgonjwa akinieleza hadithi kama hiyo ningemuuliza mara moja, “Ni kitu gani unachofanya hapa ambacho hukukifanya huko?” Lakini sikuwa na daktari wa kuniuliza.

Aliyeniuliza ni mzee mmoja wa Nakuru aliyepiga korneti katika bendi ya Jeshi la Wokovu tangu ujana wake. Nilimpelekea ala yangu kwa sababu nyingine kabisa. Noti moja ilikuwa haitulii. Aliipokea, akaigeuzageuza, akaisifu ilivyong'aa. Kisha akachomoa bomba la mbele la kurekebishia sauti, akalinusa kama mtu anavyonusa maziwa kuona kama yamechacha.

“Daktari, hii uliiosha lini?”

Nikamwambia niliisugua wiki mbili nzima, hata ukucha wangu mmoja ukavunjika.

“Nauliza ndani,” akasema.

Alileta mswaki mrefu wa waya wenye brashi kila upande, akaupitisha katika bomba lile juu ya beseni. Kilichotoka sikitaki kukieleza kwa urefu, kwa kuwa wengine mnasoma gazeti mkinywa chai. Kilikuwa cheusi chenye kijani, chenye utelezi, na harufu ya maji ya maua yaliyosahaulika mezani baada ya arusi. Nilikuwa nimekivuta kifuani kila jioni kwa miezi minne.

Kuna nini ndani ya bomba

Pumzi ya mwanadamu ni ya joto na ina unyevu. Inapogusa chuma baridi hugeuka maji, na katika baridi ya usiku ya huku kwetu hugeuka upesi. Maji hayo ndiyo mpiga tarumbeta anayamwaga kwa kubonyeza kile kitundu chenye kifuniko cha koki. Watu huyaita mate, lakini sehemu kubwa ni mvuke uliopoa. Mate nayo yamo, pamoja na sukari ya chai na chembe za mandazi uliyokula kabla ya mazoezi. Giza, unyevu na chakula: kuvu na bakteria hawahitaji zaidi ya hapo.

Msomaji atasema, mpigaji anapuliza kwenda nje, uchafu unamfikiaje? Mtazame akipiga. Kati ya sentensi moja ya muziki na nyingine ana nafasi ya kufumba na kufumbua tu, hivyo huvuta hewa haraka kwa pembe za mdomo bila kuondoa midomo kwenye kipulizio. Sehemu ya hewa hiyo hutoka ndani ya bomba lenyewe, ikiwa na chembe ndogo zisizoonekana kwa macho, nayo huvutwa hadi chini kabisa ya mapafu, kwenye vile vifuko vidogo ambamo damu huchukua hewa safi.

Kinachofuata kwa kawaida si maambukizi. Ni mzio wa mapafu. Walinzi wa mwili huzizoea chembe hizo kama adui wa kudumu, na kila zinapofika huanzisha vita papo hapo katika vifuko vya hewa. Homa, baridi na kubanwa kifua hutokea saa 4 hadi 8 baada ya kuvuta chembe hizo, ndiyo sababu mgonjwa hakumbuki alichokuwa akifanya jioni. Vita vikirudiwa mwezi baada ya mwezi, mapafu huota makovu, na kovu la pafu halifutiki.

Wakulima wa Njoro na Rongai wanaweza kuupata ugonjwa huu kwa kupakua nyasi kavu zilizoota kuvu, na wafugaji wa njiwa kwa kuvuta vumbi la manyoya na kinyesi cha ndege. Wapiga muziki walichelewa kutambuliwa. Mwaka 2010 madaktari wa jimbo la Connecticut, Marekani, walieleza habari za mpiga tromboni aliyekohoa miaka 15. Ndani ya ala yake walikuta kuvu pamoja na bakteria walio wa ukoo mmoja na wale wa kifua kikuu. Alipoanza kuisafisha kikohozi kikamwacha. Mwenzake wa Uingereza hakuwa na bahati hiyo. Alikuwa mpiga zumari la mfuko la Kiskoti, akilipiga kila siku, na aliona nafuu mara moja tu, alipokwenda Australia miezi mitatu akaliacha nyumbani. Alifariki mwaka 2014, na madaktari wa Manchester wakachapisha kisa chake mwaka 2016 ili wenzao wajifunze kuuliza.

Nimewataja hao bakteria wa ukoo wa kifua kikuu kwa makusudi. Wanaishi majini na udongoni, na chini ya darubini hushika rangi nyekundu ile ile ya wadudu wa kifua kikuu. Kwa darubini peke yake mtu angeweza kuandikiwa dawa za miezi sita kwa ugonjwa asio nao. GeneXpert huwatofautisha.

Lakini tafadhali msomaji, usinielewe vibaya. Kifua kikuu ni cha kawaida kwetu, na mzio wa tarumbeta ni nadra. Mwenye kikohozi kisichoisha apimwe kifua kikuu kwanza, hata kama ana matarumbeta kumi chumbani. Dawa zake hutolewa bure katika hospitali za serikali, na anayechelewa huambukiza jamaa yake.

Zinakotoka ala hizi

Kwa asiyejua tofauti: tarumbeta na korneti zina valvu tatu na sauti za kimo kimoja, ila bomba la korneti hupanuka polepole kama pembe ya ng'ombe, na la tarumbeta huenda wima sehemu kubwa ya urefu wake. Kwa hiyo sauti ya korneti ni nene na laini. Valvu tunayoijua leo ni kazi ya fundi wa Paris aliyeitwa Périnet, mwaka 1839, na imebadilika kidogo sana tangu hapo. Ndiyo maana korneti ya miaka 80 bado hupigika.

Kwetu ala hizi zina historia ndefu. Pwani, watu wa Mombasa na Lamu walikuwa na ngoma ya beni tangu mwisho wa karne ya 19, vikundi vikishindana kwa matarumbeta na sare. Jeshi la King's African Rifles lilikuwa na bendi yake. Jeshi la Wokovu lilifika Kenya mwaka 1921, na bendi zake zikaenda nalo hadi vijijini. Shule nazo zikanunua, na baadaye bendi za dansi. Nani wa rika langu asiyekumbuka pembe za Les Mangelepa? Huko Dar es Salaam hadi leo arusi hutangulizwa na matarumbeta juu ya pikapu. Kwa hiyo stoo za makanisa na shule, na madari ya nyumba za wazee, bado zina hazina. Nyingi ni za Uingereza: Besson, au Boosey & Hawkes, kampuni iliyotokana na kuungana kwa mbili mwaka 1930. Jeshi la Wokovu lilikuwa na kiwanda chake mjini St Albans hadi 1972, na ala ziliandikwa jina la Triumphonic. Hata ya marehemu baba yake msomaji wetu yaweza kuwa hiyo. Atazame maandishi yaliyochorwa kwenye mdomo mpana, na namba iliyopigwa kwenye kasha la valvu ya pili.

Jambo moja la kukusanya linagusa afya. Bendi za Uingereza hadi miaka ya 1960 zilitumia kimo cha juu kuliko cha leo, karibu nusu ya semitoni. Ukipiga korneti ya namna hiyo pamoja na kinanda cha kanisa, utakuwa juu daima, na utajitahidi kuishusha kwa midomo. Nimewaona vijana wenye midomo iliyochubuka wakilaumiwa kuwa hawana sikio, kumbe kosa ni la bomba. Bomba la kurekebishia sauti livutwe nje kabisa. Likiwa bado halitoshi, fundi aongeze urefu, au ala hiyo ipigwe peke yake.

Ununuapo, dai risiti. Ala za shule huibwa, na tangu Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 biashara hiyo inahitaji leseni.

Osha kabla ya kung'arisha

Kosa langu lilikuwa la kila mgeni wa uraibu huu: nilianza na yale yanayoonekana.

Siku ya kwanza ala ioshwe kabla haijaguswa na midomo ya mtu. Toa mabomba yote yanayotoka na valvu zote tatu, ukiziweka kwa mpangilio maana kila moja ina nyumba yake na namba yake. Andaa beseni la maji vuguvugu na sabuni ya vyombo. Maji yasiwe ya moto, kwa sababu hubambua vanishi. Loweka mwili na mabomba nusu saa, kisha pitisha mswaki mrefu wa kunyumbulika katika kila bomba hadi maji yatoke meupe. Yangu yalihitaji kubadilishwa mara saba. Valvu zisilowekwe nzima, kwani vipande vya sufi vilivyo juu yake vitaoza. Safisha tu sehemu ya chini na matundu yake. Suuza, kausha kwa kitambaa, acha ala wazi usiku mzima. Mabomba yapakwe mafuta ya mgando kidogo na valvu zitiwe mafuta yake maalumu. Mafuta ya taa yasitumike, ingawa wazee wengi waliyatumia: mvuke wake utauvuta kwa pumzi ndefu kuliko mtu yeyote anayewasha stovu. Wala usitie JIK, hula shaba. Kipulizio hufutwa kwa spiriti ya hospitali na kuoshwa kila siku kama kijiko. Baada ya hapo, ala inayopigwa kila siku ioshwe ndani kila mwezi, na maji yamwagwe yote kabla ya kuirudisha sandukuni.

Sasa twende kwenye ukarabati, ambako madhara ni ya namna nyingine.

Shaba ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Miaka ikipita, unyevu na asidi ya mate huiondoa zinki ndani kwa ndani, na kwa nje huonekana madoa ya rangi ya waridi yenye kitone katikati. Bomba hapo limekuwa kama biskuti. Kulisugua ni kulitoboa, fundi alibadilishe. Utandu wa kijani ni chumvi za shaba, si wa kulambwa wala kupuliziwa vumbi lake. Ukiusugua ukiwa mkavu, vaa barakoa. Bora zaidi, usugue ukiwa umelowa.

Viungo vya ala za zamani vimelehemiwa kwa risasi iliyochanganywa na bati. Watu huogopa moshi, na kweli moshi ule hukera kifua, hasa cha mwenye pumu. Lakini risasi yenyewe huingia mwilini zaidi kwa vidole. Umelehemu, umepiga tupa, kisha ukaketi kula ugali kwa mkono. Watoto huathirika kuliko wakubwa, kwa kuwa risasi hudumaza ubongo unaokua. Kazi hiyo isifanywe jikoni, wala katika chumba wanamolala watoto, na nguo zake zisifuliwe pamoja na za mtoto. Mimi nililehemu korneti yangu ya kwanza kwenye meza ya kulia, huku nikiwa na shahada ya udaktari ukutani.

Fundi akikuambia ataitumbukiza ala katika maji ya betri ili itoke mpya, ichukue uondoke. Asidi hiyo huunguza macho na mapafu, na mabaki yake hujificha kwenye mikunjo ya bomba. Dawa za kubambua vanishi na rangi nazo nyingine zina dikloromethani, ambayo katika chumba kilichofungwa imewaua watu. Vanishi iliyochakaa haimdhuru mpigaji. Iache. Mkusanyaji mzuri hupendelea ala yenye uso wake wa asili kuliko iliyong'arishwa hadi maandishi yakafutika.

Jambo moja tu la nje lina haraka: kipulizio ambacho fedha yake imebanduka hadi shaba kuonekana. Hicho huwasha midomo na kuleta vipele. Tafuta kingine, kipya au cha plastiki, na uangalie kuwa ni cha korneti. Cha tarumbeta kina shina nene zaidi.

Kupuliza

Je, kupuliza huharibu mapafu? Kwa mtu mzima wa afya, hapana. Wala hakutibu pumu, ingawa nimesikia walimu wa muziki wakiahidi hivyo. Mwenye pumu anaweza kupiga akiwa na dawa yake ya kuvuta karibu, na aache akisikia mluzi kifuani.

Nguvu inayopanda ni shinikizo ndani ya kifua. Noti za juu hulifanya kubwa kiasi cha kuzuia damu kurudi moyoni kwa nukta chache, na ndipo kijana aliyekuwa amesimama gwarideni juani akiwa na njaa huanguka. Apige akiwa ameshiba kiasi, na apumzike kati ya noti ndefu. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa, mwenye ngiri, na aliyefanyiwa upasuaji wa jicho au wa tumbo karibuni, aonane na daktari wake kwanza. Hata presha ya macho hupanda. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2000 uliona kwamba wapiga ala zenye upinzani mkubwa kama tarumbeta hupandisha presha hiyo wakati wa kupiga. Sisi Waafrika glakoma hutupata zaidi na mapema zaidi, kwa hiyo mpigaji aliyepita miaka 40 apimwe macho, hata kama anasoma gazeti bila miwani.

Midomo ina msuli wa mviringo unaoizunguka, na msuli huo huweza kupasuka. Daktari mmoja aliyeeleza jeraha hilo mwaka 1982 aliliita kwa jina la utani la Louis Armstrong, Satchmo, ambaye aliteswa na midomo yake maisha yake yote. Aliyemwona Leopoldville mwaka 1960 alimwona akipiga kwa midomo yenye makovu. Anayeanza apige dakika 10, apumzike 10, jumla isizidi nusu saa kwa siku katika miezi ya kwanza. Asikandamize ala usoni kutafuta noti ya juu. Mdomo ukivimba, siku mbili za kimya.

Masikio husahaulika. Sauti ya desibeli 85 huvumilika saa 8 kwa siku, lakini kila desibeli 3 zikiongezeka muda hupungua kwa nusu, hata kufika 100 zimebaki dakika 15 tu. Tarumbeta katika chumba kidogo cha mabati hupita 90 bila taabu. Pigia nje, au elekeza mdomo wa ala kwenye pazia nzito.

Tena kuna suala la bendi za shule, ambako tarumbeta moja hupokezanwa na watoto watano. Nimeulizwa mara nyingi hapa Salgaa kama Ukimwi huambukizwa hivyo. Hapana, mate hayauambukizi. Kinachopita kwa urahisi ni mafua na malengelenge ya midomo. Kifua kikuu nacho hupita kwa hewa ya chumba kilichojaa na kufungwa madirisha, si kwa chuma. Kila mtoto awe na kipulizio chake. Ni kitu kidogo kinachoingia mfukoni, na mzazi akinunua mara moja kitamtosha hadi amalize shule.

Mimi nilipona, tuseme. Niliosha korneti, nikakaa wiki sita bila kuigusa, nikameza steroidi kwa muda mfupi chini ya uangalizi wa mwenzangu. Kikohozi kiliisha. Picha ya pili ilikuwa safi kuliko ya kwanza, ila kipimo cha nguvu ya pumzi hakijarudi pale kilipokuwa, na ngazi zile bado zinanikumbusha. Tangu hapo, dereva akija na kikohozi simuulizi tu amebeba mzigo gani. Humuuliza pia akifika nyumbani hufanya nini, na wiki iliyopita mmoja akanieleza kwamba anafuga njiwa 60.

Basi, ndugu yangu wa Molo, mruhusu mtoto. Miaka 14 ni umri mzuri, meno yake ya mbele yameshatulia. Ioshe ala kama nilivyoeleza, mpe kipulizio kipya, na akianza kukohoa au kupata homa usiku baada ya mazoezi, aache kupiga na umpeleke hospitali akapimwe, ukieleza habari za korneti bila kungoja kuulizwa. Mnunuzi wa vyuma chakavu ataipima kwa mizani, na korneti ina uzito wa kilo moja hivi. Ile valvu iliyokwama usiilazimishe kwa koleo, utaipinda na haitatengenezeka tena. Tia mafuta ya valvu matone machache juu na chini, uiache siku mbili. Ikikataa, niletee hapa Salgaa siku ya Jumamosi baada ya saa nane, nitamwita yule mzee wangu wa Nakuru tuitazame pamoja.